Ratili Tatu za Colter

Jioni ya kuamkia mashindano ya ligi, timu nzima ya riadha ya sekondari ya Harlow Creek ilikula nyumbani kwa Bibi Ardis Brandvold, na mjukuu wake Colter alikaa mbele ya sahani yake akiitazama kama msafiri anavyotazama mto uliofurika.

Hiyo ilikuwa desturi yao. Siku moja kabla ya ligi watoto hujazwa tambi mpaka wanahema, ili kesho miguu isikose nguvu. Kila mwaka familia moja hubeba zamu, na safari hii zamu ilimwangukia Bibi Ardis, ambaye mchuzi wake wa nyama ulikuwa jikoni tangu asubuhi. Meza ya kulia haikutosha, ikaongezwa ya kukunja iliyoazimwa kanisani, na waliokosa nafasi walikaa kwenye ngazi za baraza na sahani mapajani. Warusha tufe walikuwa kwenye sahani ya tatu. Hata Maren, msichana wa kuruka viunzi, mwembamba kama fimbo ya ufagio, alikuwa anapangusa mchuzi kwa mkate wa kitunguu saumu na kuulizia kama kuna mwingine.

Colter alizungusha tambi kwenye uma, akazizungusha tena, akaziteremsha. Kisha donge moja la nyama likashuka chini ya meza, ambako Pistol, mbwa wa nyumba, alikuwa akingoja kwa adabu kubwa.

"Vipi, Colter," Maren akasema, "unazila hizo au unazisuka?"

Wenzake walicheka, naye akacheka pamoja nao, akasema anaweka nafasi ya pai. Ulikuwa uongo mtupu. Njaa ilikuwa inamkwaruza tumboni kama paka aliyefungiwa nje.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Colter aliruka kwa upondo, ile fimbo ndefu inayopinda na kumrusha mtu juu ya ufito, na shuleni kwake hakuna mwingine aliyeruka ila yeye. Sasa kila upondo huandikwa namba, na namba ile ni uzito wa mwisho wa mtu anayeruhusiwa kuutumia. Ukiizidi, huruki. Ni sheria ngumu lakini nzuri, kwa kuwa upondo uliozidiwa unaweza kukatika mtu akiwa angani, na angani hakuna wa kumdaka. Upondo wa Colter uliandikwa ratili mia na arobaini. Msimu ulipoanza alikuwa chini ya hapo, raha mustarehe. Lakini mvulana wa miaka kumi na sita haombi ruhusa ya kukua. Theluji ilipoyeyuka na ngano ikaanza kuchipua, naye akachipua: viatu vikambana, mikono ya shati ikapanda kuelekea viwikoni, na mizani ya chumba cha kubadilishia nguo ikasema mia na arobaini na tatu. Shule ilikuwa na upondo mmoja mwingine, ulioachwa na jitu fulani lililomaliza shule zamani. Huo Colter alipoujaribu ulimrudisha alikotoka kama mlango uliosukumwa na upepo.

Kesho asubuhi Kocha Haugen angempima kabla ya kumthibitisha kwa waamuzi. Colter alikuwa amejiaminisha kwamba akiipita jioni hii bila kula, zile ratili tatu zitaondoka zenyewe. Wiki nzima alikuwa akikimbia kuzunguka maghala ya nafaka akiwa amevaa mfuko wa takataka chini ya fulana, jasho likimtiririka. Kumwambia kocha hakuthubutu, aliogopa jina lake lingefutwa. Na ligi ya mwaka huu haikuwa ligi ya kukosa. Mwaka jana alikuwa wa pili, nyuma ya Royce Dunmire wa Coulee Springs, na Royce alikuwa anamaliza shule. Kama hangemshinda kesho, hangemshinda tena maishani.

Bibi Ardis alikuwa akizunguka na bakuli, akimwongezea kila mtu kabla hajaomba. Alipofika kwa Colter alitazama sahani, akatazama chini ya meza. Aliichukua ile sahani kana kwamba anakwenda kuiongeza, akaifunika na nyingine, akaitia kwenye oveni isipoe. Kisha akamwita amsaidie kutoa pai, wakaingia chumba cha nyuma chenye mashine ya kufulia.

"Pistol amekula madonge matano," alisema kwa sauti ya chini, "na kesho haruki."

Colter alimweleza yote, namba na mizani na mfuko wa takataka. Bibi alimsikiliza huku akikunja taulo, maana alijua kuwa mtoto husema vizuri zaidi asipotazamwa usoni. Hakumkemea. Alichouliza ni kimoja tu: nani katika ligi hii ana upondo unaomfaa?

Colter alitazama sakafu. Kila mrukaji alijua. Royce mwenyewe, kabla ya kuhamia upondo mkubwa zaidi, aliruka mwaka jana kwa wa mia na hamsini, alionunuliwa na baba yake.

"Siwezi kumwomba Royce, Bibi."

Akaeleza kwa nini. Mwanzoni mwa msimu Royce alimwambia asiogope, godoro la kuangukia ni laini, na atalijua vizuri kwa kuwa atalala hapo sana. Colter akamjibu kwamba Royce hukimbia kama ng'ombe aliyesikia ndoo ya chakula. Tangu siku hiyo hawakuacha. Juzi tu, mbele ya shule mbili, Colter alimwahidi kwamba siku ya ligi atamtafutia kiti akae atazame.

"Na hayo mliyoambiana ni ya kweli?" Bibi akauliza.

"La ng'ombe ni la kweli."

"Basi mpigie. Mimi napasha mkate."

Akatoka, akavuta mlango nyuma yake ili mjukuu wake abaki na aibu yake peke yake. Mwomba chumvi huombea chungu chake, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba njia ya kwenda kwa jirani ni fupi. Colter alishika simu, akaiweka, akakunja taulo mbili ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa. Ndipo akapiga.

Coulee Springs nao walikuwa kwenye tambi zao. Zilisikika sahani na kelele, kisha kelele zikakatika ghafla, na Colter akaelewa kuwa simu imewekwa mezani ili wote wasikie.

"Nimezidi upondo wangu," alisema. "Nakuomba ule wako wa mwaka jana."

"Nani anaomba?" Royce akauliza.

"Mimi. Colter Brandvold."

"Yule aliyesema nakimbia kama ng'ombe?"

"Aliyesikia ndoo," Colter akasema. Hakuona faida ya kuficha nusu ya habari.

Kicheko kilikuwa kikubwa hata akaiweka simu mbali na sikio. Kikapungua, mlango ukasikika ukifungwa, na Royce aliporudi alikuwa nje peke yake na sauti yake ilikuwa nyingine. Alimuuliza amekula lini mara ya mwisho. Colter akasema jana mchana. Royce akamwambia kwamba na yeye mwaka juzi alijifungia ndani ya gari juani na koti la baridi, mpaka akatapika kwenye viatu vya kocha wake, na kwamba aliyemwokoa ni kijana wa shule ya ng'ambo ya mto, aliyemwachia upondo bila hata kumuuliza jina.

"Sisi warukaji hatunyimani upondo, bwana. Ungeniambia tangu Jumatatu," alisema. "Na usiende ligi na kitu usichokijua. Jua bado lipo. Nakuja."

Ilibaki kumwambia kocha. Kocha Haugen alikuwa kwenye ngazi za baraza, pai mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ndiyo maana mifuko ya takataka ya stoo yake imekwisha. Kisha akaagiza ile sahani itolewe kwenye oveni, akakaa karibu na Colter na kumtazama akila kama afisa wa forodha. Mwenye njaa, alisema, yeye hampandishi hewani. Colter alikula, na ule mto uliofurika akauvuka bila shida.

Royce alifika na upondo umefungwa juu ya gari, kitambaa chekundu kikipepea nchani. Bibi Ardis alimpa sahani kabla hajasema shikamoo. Alikula amesimama, akaomba tena, na timu nzima ikaenda naye uwanjani. Badala ya ufito kocha alifunga kamba ya mpira, isiyomuumiza mtu akiigusa.

Mara ya kwanza upondo ulikataa kabisa kupinda, ukamsimamisha Colter palepale kwenye njia ya kukimbilia. Mara ya pili ulimtupa ubavuni mwa godoro. Maren alimuuliza kwa upole kama anaruka juu au anaruka kando. Colter alisimama, mikono kiunoni, na moyo ukaanza kumshuka.

Royce akamsogelea. Aliirudisha alama ya Colter ya kuanzia kukimbia nyuma hatua kadhaa, akaikanyaga ishike.

"Unakimbia kama mtu aliyebeba kitu cha watu," alimwambia. "Kimbia kama ni chako."

Colter akakimbia. Safari hii upondo ulipinda, ukapinda zaidi, ukamchukua. Aliona vidole vyake vya miguu dhidi ya mawingu, akaona kamba ikipita chini ya tumbo lake bila kutikisika, kisha akaanguka mgongoni, akalala akiwatazama mbayuwayu. Huko chini warusha tufe walikuwa wanapigana mabega kwa furaha. Kocha alivua kofia, akaivaa tena, akasema inatosha, miguu ni ya kesho.

"Nimejiharibia mwenyewe," Royce alisema, na hakuonekana kujuta sana.

Hakuuchukua upondo. Alimwachia Colter, akamwambia asafiri nao kwenye basi lao, amrudishie baada ya kushindwa. Colter akaubeba begani, Maren akashika mwisho wa nyuma, wakaukatiza uwanja kuelekea nyumbani, na Royce akatembea ubavuni mwao akieleza bila haraka atakavyomshinda kesho, jaribio kwa jaribio. Colter alimwacha amalize. Kisha akaanza kumjibu.