Pedali ya Kushoto ya Wiebe

Bango la ukutani pale ukumbini niliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa nyekundu: PEDALI YA KUSHOTO HUFUNGULIWA KINYUME. Nilifundisha ufundi miaka thelathini hapa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Sasa nimestaafu, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi naketi na wenzangu kwenye ukumbi wa kijiji, tunatengeneza vitu vya watu bure. Mwenye kitu hukaa kando yako na kahawa yake, akikutazama. Kitu kikipona tunagonga kengele na ukumbi mzima unapiga makofi. Naipenda ile kengele kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu.

Mwezi Mei alikuja Baukje na baiskeli ya marehemu mumewe, Wiebe. Pedali ya kushoto ilikuwa imepasuka. Jumatatu ya Pentekoste alitaka kuzunguka nayo ziwa, njia waliyokuwa wakipita pamoja kila mwaka.

"Wiebe hakuruhusu mtu aiguse, Durk," alisema. "Hata mimi. Ila mikono yangu haina nguvu tena."

"Usijali, Baukje. Leo imefika kwa daktari bingwa."

Stendi zote za kushikia baiskeli zilikuwa na za watu wengine, kwa hiyo niliipindua, ikasimama kwa tandiko na usukani. Nikaikamata bolti ya pedali kwa spana huku nikimsimulia habari za mwanafunzi wangu mmoja, mbumbumbu wa kupindukia, aliyevunja spana mbili kwa kuzungusha pedali ya kushoto upande usio wake. Nilicheka mwenyewe, nikavuta. Haikutikisika. Nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu, nikaegemea na tumbo langu lote. Spana ikateleza kwa kishindo. Nilipotazama, pembe za bolti zilikuwa zimelika, imekuwa duara, hakuna tena pa kuikamata.

Nikainua macho, nikakutana na bango langu.

Nilijua palepale. Baiskeli ilikuwa juu chini, nami nikaishika pedali ya kushoto kama ya kulia; muda wote nilikuwa naikaza. Uso uliniwaka moto, nikaona aibu ambayo sijaiona tangu utotoni. Na bado hakuna aliyekuwa amejua. Ningesema tu, "Nimekosea," tungecheka, yakaisha. Badala yake nikapaza sauti:

"Kutu hii! Marehemu hakuwahi kuipaka grisi hata siku moja. Mtu akiitelekeza baiskeli namna hii, fundi afanye nini?"

Oene, wa meza ya redio, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Baukje akaweka kikombe chini.

"Wiebe hakuipaka grisi?"

"Ndiyo hali yenyewe. Pole."

"Kila Machi alikuwa akijifungia bandani siku nzima. Aliniambia anaipaka grisi." Akaitazama ile baiskeli kana kwamba si ya kwao. "Basi sijui alikuwa akifanya nini mle."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilijishughulisha kufuta spana ambayo haikuwa na uchafu wowote.

Jikke alisogea kutoka meza ya pili. Ni muuguzi, na ufundi wote anaoujua nilimfundisha mimi. Mkononi alikuwa na alenki, kile chuma kilichopinda, cha kuingiza kwenye tundu la bolti.

"Mwalimu, umejaribu kwa upande wa ndani?"

"Haitoki hiyo."

"Hebu nipishe, mzee wangu. Utaota mizizi hapo."

Akaingiza alenki kwenye tundu, akasoma bango kwa midomo kama nilivyomfundisha, akazungusha. Bolti ililia mara moja, ikalegea, ikatoka. Meno yake yote yalikuwa yamefunikwa na grisi, ya kijani, laini, safi. Hapakuwa na hata chembe ya kutu.

Jikke aliitazama bolti, akanitazama mimi, akatazama bango. Afadhali angenitukana. Akanyoosha mkono kwenye kengele.

"Ngoja," alisema Baukje. Aligusa grisi kwa kidole, akainusa. "Ndiyo harufu aliyokuwa akirudi nayo jikoni. Durk, hii si grisi?"

"Ni grisi."

"Aliipaka vizuri?"

"Vizuri sana. Mimi mwenyewe nisingeipaka hivi." Nikamwinamia. "Ni mimi, Baukje. Nilizungusha upande usio wake, nikaona haya, nikamsingizia Wiebe."

Nilisema kwa sauti ya chini, karibu na sikio lake, nikitumaini kwamba itatosha.

"Mimi nimekusikia," alisema. "Oene hajakusikia. Wala wale wa meza ya cherehani."

Hakuwa amekasirika, alikuwa akingoja tu, bolti ya mumewe kiganjani. Nikaweka spana mezani, nikaugeukia ukumbi mzima, nikaanza upya kwa sauti ileile niliyomsingizia nayo marehemu.