Kilele cha Kumi na Tisa

Mume wangu amepanda vilele kumi na vinane na hakuna hata kimoja kilichomtoa jasho. Kimoja kipo nyuma ya vyoo vya shule ya msingi. Kingine kipo ndani ya banda la kuku, na mwenye banda alitutaka tuvue viatu kwanza. Cha saba kipo kwenye kona ya uwanja wa mpira. Siku tuliyokwenda mechi ilikuwa inaendelea, ikabidi refa acheleweshe kona ili mzee mmoja asimame pale penye kibendera, avue kofia, aseme "Nimefika," kisha aandike kwenye daftari. Mashabiki walimpigia makofi. Nadhani walidhani ni mgonjwa.

Yeye ni mpimaji ardhi mstaafu. Ofisini walimwita Mstari, kwa sababu kila aliyemlilia kwamba mpaka umepita katikati ya ukuta wake alipewa jibu moja tu: mstari ni mstari. Alipostaafu, wenzake walikwenda kupanda ule mlima mkubwa ambao kila mtu anaujua, ule wa kwenye kalenda. Wakarudi na picha, midomo imepasuka kwa baridi, na mmoja wao kabebwa.

"Mlima ule umeshasifiwa vya kutosha," mume wangu akasema.

Akatandaza ramani za mkoa kwenye meza yangu ya chakula, akaanza kutafuta mahali pa juu kuliko pote katika kila wilaya. Wilaya zetu ni kumi na tisa, na nyingi ni tambarare kama hiyo meza. Akaniambia kila wilaya ina kilele chake na hakuna aliyewahi kukijali. Nikamwambia huenda kuna sababu.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Yeye hana leseni. Nilimfundisha mwenyewe, akafeli mara tatu, na mara ya tatu alifeli kwa kubishana na askari kuhusu upana wa barabara. Kwa hiyo vilele vyote tulivifuata na gari la kufundishia, lenye kibao cha L juu ya paa na breki ya pili upande wa mwalimu. Upande wa mwalimu hukaa yeye. Tuna miaka thelathini na minne ya ndoa, na mpaka leo mguu wake unanikanyagia breki kila akiona mbuzi.

Vilele kumi na vinane nilivivumilia. Cha kumi na tisa nilikuwa nakiogopa, maana kipo wilayani kwa wifi.

Wifi ni dada yake mkubwa, fundi cherehani, na zamani alikuwa rafiki yangu kuliko mtu yeyote. Ndiye aliyenishonea gauni la harusi. Alikuwa na pini sita mdomoni na bado aliweza kunionya kuhusu mdogo wake. Kisha baba mkwe akafariki, akaacha kiwanja kimoja kirefu chenye mita mia tatu, na maandishi kwamba wanawe wawili wagawane nusu kwa nusu. Nani apime? Nani mwingine. Matanga hayajapoa, mume wangu akachukua futi yake ya chuma, akaanzia kwenye jiwe la pembeni upande wa dada yake, akahesabu mita mia na hamsini, na hapo akachimbia jiwe la mpaka. Mimi nilikuwa naandika namba. Kilichobaki kikawa chake, na hakuna aliyehangaika kukipima.

Jiwe lile likaliacha jiko la nje upande wetu. Jiko lote. Na si jiko la mtu baki, ndilo alilokuwa anapikia mama mkwe, aliyekuwa akikaa na wifi.

Wifi akasema amedhulumiwa na mdogo wake wa tumbo moja. Mume wangu, ambaye hajawahi kurudi nyumbani na hata penseli ya ofisi, aliumia mpaka akashindwa kula. Lakini ulimi wake ukatoa jibu lile lile la siku zote. Basi wifi akashika nyundo, akabomoa jiko kwa mikono yake, akayahamishia matofali upande wake, na tangu siku hiyo hakumsemesha tena. Ni miaka kumi na moja. Mama mkwe alipofariki, walisimama pande mbili za kaburi kama nguzo za goli.

Wahenga wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nimelima miaka yote kumi na moja, na mgongo unaniuma. Nilikuwa namtaka wifi yangu. Nilimkumbuka mpaka nikawa nashona vifungo mwenyewe, kwa hasira, na vinatoka.

Ramani ilisema kilele cha wilaya ile kipo kwenye tangi la maji. Tukaenda Jumamosi. Akasimama chini ya tangi, akavua kofia, akaandika. Hakusema "Nimefika." Jumatatu, tukiwa kwenye chai ya asubuhi, akaweka kikombe chini.

"Nimeandika uongo," akasema.

"Uongo gani tena?"

"Pale kwenye tangi si kileleni. Kile kiinuko cha nyuma kwa dada kinapazidi. Nakijua tangu utoto. Mvua inyeshe vipi, maji yalikuwa hayasimami pale. Ndiyo maana mama akataka jiko liwe pale."

"Sasa baba watoto, ni tofauti ya kiasi gani? Sentimita?"

"Sentimita ni sentimita."

Nikamtazama. Alikuwa amekaza shingo, lakini mikono yake ilikuwa inageuzageuza kijiko kitupu. Mtu huyu alikuwa anaogopa, nami nikamhurumia, nikaenda kuchukua ufunguo wa gari.

Njiani alikanyaga breki mara nne, na mbuzi hakuwepo. Tulipofika kwenye kona ya kwa wifi gari likagoma kabisa katikati ya barabara.

"Ondoa mguu," nikasema.

"Sijaweka."

"Baba watoto. Ondoa mguu."

Wifi alikuwa varandani, kwenye cherehani. Alitazama gari, akatazama kibao cha L, akamtazama mtu aliyeshuka na miguu mitatu ya mbao begani, kisha akarudisha macho kwenye sindano.

"Karibu, wifi," akasema. "Naona leo umekuja na mwanafunzi."

"Nimekuja na mdogo wako."

"Mwulize mwanafunzi wako anataka nini."

Mume wangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. "Mwambie dada naomba kupima kile kiinuko," akaniambia.

"Anaomba kupima kiinuko."

"Mwambie kiinuko ni chake. Si alijigawia mwenyewe?"

Nikamgeukia mume wangu. "Anasema kiinuko ni—"

"Nimesikia," akasema.

Akaanza kazi. Darubini ya kupimia usawa aliiweka juu ya miguu yake mitatu, mimi nikashika ufito mrefu wenye namba, nikawa nausogeza kila anaponipungia mkono. Tulianzia kwenye alama ya serikali inayoonyesha kimo cha ardhi, iliyopo barabarani, tukapanda polepole kuelekea nyuma ya nyumba. Wifi akahama na kiti chake mpaka ukingo wa varanda. Alikuwa anapinda suruali ya mteja kwa mkono, na upindo ule niliuona ukifumuliwa na kurudiwa mara mbili.

Saa sita hesabu zikakamilika. Kiinuko kilikuwa kimelizidi tangi kwa sentimita arobaini na moja. Mume wangu akapanda, yaani akapiga hatua nne, akasimama juu ya nyasi pale palipokuwa na jiko. Akavua kofia. Akasema "Nimefika," lakini sauti ilitoka nusu.

Daftari lake lina safu ya mwisho inayosema kilele kipo kwenye ardhi ya nani. Mtu mwingine angeandika jina lake mwenyewe, akafunga daftari, tukaenda zetu. Yeye akataka kuhakikisha kilele kimelipita jiwe la mpaka kwa kiasi gani, na kwa kuwa hawezi kuanzia katikati, akasema tunaanzia kwenye jiwe la pembeni, kule kule alikoanzia mwanzo. Akatoa futi ya chuma, ile ile ya mita hamsini, ambayo pete yake ya mwanzoni ilikatika siku nyingi.

"Shikilia namba moja kwenye jiwe," akaniambia.

"Mbona moja? Sifuri iko wapi?"

"Sifuri ilikwenda na pete. Unashika kwenye moja, halafu kila ukivuta futi unatoa moja. Kwa hiyo hamsini ni arobaini na tisa. Andika."

Nikaandika arobaini na tisa. Tukasogea, nikaandika arobaini na tisa nyingine. Mara ya tatu namba hamsini ya futi ikaangukia juu ya jiwe la mpaka, katikati kabisa, na mimi nikaandika arobaini na tisa ya tatu, jumla mia na arobaini na saba. Kisha nikamwona mume wangu ameganda.

"Rudia," akasema.

Tukarudia, yakatoka yale yale. Tukarudia tena kutoka upande wa pili, jua limetusimamia utosini. Wifi akaweka suruali chini, akashuka varandani, akaja na ndala zake mpaka nilipochuchumaa. Siku ile ya kugawana hakuwepo kiwanjani, alikuwa ndani na waombolezaji. Kupima kwenyewe alikuwa anakuona kwa mara ya kwanza.

"Wifi," akasema, "mbona mnaanzia kwenye moja?"

"Pete ilikatika. Unatoa moja kila ukivuta."

"Hilo nalijua, futi yangu ya dukani nayo imeisha ncha. Ukitaka suruali ya themanini na umeanzia kwenye moja, unakata kwenye themanini na moja. Vinginevyo mteja anaondoka vifundo viko nje." Akalitazama jiwe, akatazama futi. "Pete yenyewe ilikatika lini?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Ilikatika asubuhi ile ile, wakati mume wangu anaikunjua, macho yake yamevimba kwa kumlilia baba yake. Akasema tuanzie kwenye moja. Ofisini kutoa moja ilikuwa kazi ya karani, na karani siku ile nilikuwa mimi, mwalimu wa udereva. Akasema hamsini, nikaandika hamsini. Niliandika mara tatu, kwa mwandiko mzuri.

Kinyozi hajinyoi. Mtu huyu alipima viwanja vya watu miaka thelathini na sita bila kesi hata moja, akaja kukosea cha baba yake.

Mume wangu akaweka futi chini. Akamkabili dada yake, na kwa mara ya kwanza hakunipitishia mimi.

"Dada, nilikosea. Jiwe lilitakiwa kuwa mita tatu mbele."

Wifi akaligusa jiwe kwa ncha ya ndala.

"Hiki kipande chote ni chako. Kilikuwa chako siku zote. Mimi nilijua nimepima haki, dada, ningeapa popote. Nilikuona wewe ndiye mwenye tamaa."

"Na mimi ndiye niliyeandika," nikasema, kwa sababu sikuweza kunyamaza. "Wifi, ule mwandiko ni wangu."

Macho ya wifi yalikuwa kwa mdogo wake, si kwangu, na midomo ilikuwa inamtetemeka kidogo kama mtu anayebana pini.

"Mita tatu," akasema. Alikuwa anamwambia yeye. "Jiko lilikuwa na mita mbili na nusu."

"Najua."

"Mama alipikia varandani miaka minne. Mvua inampiga mgongoni, moto unazimika, anauwasha tena. Nikimwambia nitamjengea jingine, anakataa. Anasema subiri, mtoto wangu ataona alipokosea, atakuja mwenyewe."

Mume wangu akarudi nyuma hatua moja, ya pili, akakaa chini kwenye nyasi. Akaweka kofia usoni na mabega yakaanza kucheza. Nilitaka kumfuata. Wifi akaninyooshea mkono nisisogee.

Akamwendea yeye. Akasimama mbele yake, mikono kiunoni, uzi mweupe umening'inia kwenye blauzi yake.

"Inuka," akamwambia. "Umekalia jiko la mama."

Akainuka haraka kama mtoto aliyefumaniwa, akajipangusa suruali, akasimama pembeni. Akajifuta uso kwa kofia. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua kuwa anayo, "Matofali bado unayo?"

"Yapo yote nyuma ya choo. Niliyapanga."

"Mlango tuuweke upande ule ule?"

"Ule ule," wifi akasema. Akainama, akaokota futi ya chuma kwenye nyasi, akaanza kuikunja taratibu, akiifuta vumbi kwa vidole. "Lakini safari hii futi nashika mimi."