Siku Nne Mtandao Ulipozimwa

Anastazia alikuwa mtunza masjala wizarani, mjane, na nyumba yake ndiyo iliyokaa juu kuliko zote mtaani kwao Msalato. Kwa hiyo Elieza, fundi wa redio, alipopata wazo la kuwaunganisha majirani kwa intaneti ya bure, alianzia mlangoni kwake.

"Mama, hapa ni watu watatu tu waliovuta intaneti majumbani," alimwambia. "Kila mmoja akimega kidogo katika yake, mtaa mzima utapata. Ila bila antena juu ya bati lako, walio bondeni hawaambulii kitu."

Anastazia alikubali. Mwezi haukwisha, Tabu, mkulima wa zabibu wa kule bondeni, akawa anaongea kila Jumapili baada ya ibada na binti yake Gladness, aliyekwenda Maskati kufanya kazi za ndani. Zamani miezi ilipita bila kuisikia sauti ya mwanawe. Sasa alimwonyesha hadi mbuzi waliozaa.

Mwezi Juni mama mzazi wa Anastazia aliugua huko Busi. Anastazia alifunga mizigo mbiombio, na kama alivyozoea tangu nyumba ya shangazi yake iungue kwa hitilafu ya umeme, akazima swichi kubwa kabla ya kufunga mlango. Antena hakuikumbuka. Elieza alimpigia tena na tena, lakini simu yake ilikuwa imeisha chaji, naye alikuwa kitandani pa mgonjwa, hana habari nayo.

Alirudi siku ya nne, alasiri, mama yake akiwa amepata nafuu. Akawasha umeme. Hajafungua hata begi, Tabu akaingia uani, simu ameishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, dada," Anastazia alimsalimu.

"Marahaba, mdogo wangu. Hii simu imelia mfululizo sasa hivi. Nitazamie, macho yangu hayaoni vizuri."

Kulikuwa na jumbe tisa za sauti kutoka kwa Gladness. Wakaketi barazani kuzisikiliza. Katika ujumbe wa kwanza alisema tumbo linamkata. Katika wa tano alikuwa hospitalini, anasubiri kupasuliwa. Wa mwisho sauti ilikuwa chini sana: "Mama, sikupati. Nilitaka unisemeshe kidogo tu. Haya, wananiita."

Chini yake palikuwa na maandishi ya mwanamke mwingine, mwenzake wa kazini. Anastazia aliyasoma kimya, akayarudia.

"Sema tu," Tabu alimwambia. "Uso wako umeshasema."

Mwili uliletwa, wakamzika wiki iliyofuata. Siku ya tatu ya matanga Anastazia alimfuata Tabu mkekani, akapiga magoti.

"Dada, mtandao niliuzima mimi. Nilisafiri, nikazima umeme, wala sikumwambia mtu."

Tabu alivuta uzi uliochomoza kwenye pindo la kanga yake.

"Ugonjwa haukutoka juu ya bati lako," alisema. "Angekufa tu."

Anastazia aliinamisha kichwa.

"Lakini angenisikia kwanza."

Hakumfukuza, wala hakutamka kwamba amemsamehe. Waombolezaji wengine walipoingia, Anastazia aliinuka, akaenda jikoni kusaidia kuosha vyombo.

Baadaye alimwita Elieza aitengee antena njia yake ya umeme na betri, akamkabidhi na ufunguo wa akiba. Tangu hapo mtandao haujakatika. Tabu naye alimwomba Elieza kitu kimoja tu: zile jumbe tisa zikae ndani ya simu, zisikike hata pasipo mtandao.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, sauti ya Gladness husikika hadi barabarani ikimwita mama yake. Anastazia siku hizi hupita njia ya nyuma, ile ndefu, yenye mchanga mwingi.