Gari Lisilolala

Jumatatu ya kwanza mke wangu alikanyaga breki, akabonyeza kitufe cha kuwashia, na gari likatoa mlio mdogo, tik-tik-tik, basi. Taa zote za dashibodi ziliwaka kwa pamoja, ya breki, ya usukani, ya mikanda, ya upepo wa tairi, zikafifia, zikazima. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Alikuwa ameshavaa sare yake nyeupe. Alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Limekufa," akasema.

"Halijafa, limechoka tu," nikamwambia, ingawa sikujua lolote.

Mke wangu ni muuguzi mkuu wa zahanati ya kina mama iliyo kilomita kumi na nane kutoka kwetu. Yeye ndiye anayeshika funguo za mlango na za kabati la dawa, na mlango unatakiwa kuwa wazi saa kumi na mbili na nusu, kwa sababu wajawazito hupenda kufika kabla jua halijawa kali. Basi la kwanza la upande ule hupita saa moja. Ndiyo maana tulinunua gari.

Siku ile alifika saa mbili kasoro robo. Ndani ya wiki sita gari liligoma mara tano. Mara tatu tuliokolewa na jirani, dereva wa lori, aliyekuja na nyaya zake akaunganisha betri yake na yetu huku akicheka: "Shemeji, mtoto anataka kunyonya tena?" Mara mbili jirani alikuwa safarini, na mara mbili hizo mke wangu alichelewa. Baada ya mara ya pili msimamizi wake alimwandikia barua fupi: ikitokea tena kabla ya mwezi kwisha, funguo zitakabidhiwa kwa mwingine. Mke wangu alikuwa amefanya kazi miaka kumi na moja kufikia nafasi ile. Aliikunja barua, akaitia kwenye mkoba, akawa anatembea nayo.

Mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa.

Sitaki kulisema vibaya gari. Ni gari zuri, na mimi ninayetengeneza vyerehani naheshimu kitu kilichotengenezwa kwa akili. Ukilirudisha nyuma linaona kuliko wewe. Mvua ikianza, vifuta kioo vinajua. Lakini lina maneno mengi. Ukiweka mfuko wa viazi kwenye kiti cha mbele linalia mpaka uufunge mkanda, na mimi nimeshaufunga mkanda mara nyingi kama abiria mwenye nauli yake. Halina tairi la akiba. Mahali pake kuna kopo la povu na karatasi ya maelekezo. Kitabu chake kina kurasa mia nne na themanini, na nilizisoma zote jioni baada ya jioni, nikafika mwisho nikiwa najua kubadilisha lugha ya redio.

Fundi wa kwanza alibadilisha betri. Wiki mbili baadaye ile mpya ikalala chali kama mwenzake. Fundi wa pili alikata king'ora, akatushauri tuwe tunachomoa waya wa betri kila jioni. Tulijaribu. Asubuhi redio ilidai namba ya siri, madirisha yalisahau jinsi ya kupanda, na mke wangu alikuwa na grisi kwenye mkono wa sare kabla hata ya kutoka getini. Fundi wa tatu alifungua boneti, akatazama kama mtu anayetazama kisima, akaifunga.

"Hili ni la kompyuta, kaka," akasema. "Uza."

Fundi wa nne nilielekezwa na mteja wangu. Ni mama wa makamo, fundi umeme wa magari, anayeitwa Fundi Mita kwa sababu ile mita ya kupimia umeme huning'inia shingoni mwake kuanzia asubuhi hadi jioni. Nilimpelekea gari Ijumaa mchana. Hakufungua boneti. Alivuta kiti, akakaa, akaniambia nikae.

"Lini linagoma?"

Nilikuwa nimeandika tarehe kwenye daftari. Akaisoma orodha pole pole, akiifuata kwa kidole.

"Zote Jumatatu, isipokuwa hii."

"Hiyo ilikuwa siku baada ya sikukuu. Sikukuu yenyewe hatukutoka."

"Kwa hiyo linagoma likikaa nyumbani siku nzima bila kutembea." Akanirudishia daftari. "Wenzangu walipima nini?"

"Hawakupima. Walibadilisha."

Hakusema neno juu ya wenzake. Aliunganisha mita kati ya betri na waya wake, akafunga milango, akasogea pembeni. Namba kwenye mita ilikuwa kubwa, kisha ikaanza kushuka.

"Gari la siku hizi halizimiki," akanieleza. "Linalala. Ukifunga mlango linakaa macho dakika chache, linakagua mambo yake, halafu linapitiwa na usingizi. Likilala linakula umeme kidogo sana, tone moja moja. Tusubiri."

Tulisubiri dakika kumi na mbili. Namba ikashuka ghafla, ikatulia karibu kabisa na sifuri.

"Limelala fofofo," akasema. Akasubiri nusu saa nyingine, macho kwenye mita. Alikuwa na magari mengine manne uani na wenye magari walikuwa wanakuna vichwa, lakini hakugeuka. Mwishowe akatikisa kichwa. "Gari hili kwangu linalala. Kwenu halilali. Basi tatizo liko kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Sijui. Sijafika. Jumapili alasiri mtakuwepo wote?"

Kwetu ni watu watatu: mimi, mke wangu, na baba yake, ambaye amekaa nasi tangu alipostaafu. Baba mkwe alikuwa mtunza ghala kwa miaka thelathini na mbili, na katika miaka hiyo, anavyosema mwenyewe, hakupoteza hata ufunguo wa kopo. Alipohamia kwetu alikuta funguo zinazagaa, juu ya friji, chini ya magazeti, mfukoni mwa suruali iliyo kwenye maji. Hakututukana. Alipigilia misumari minne kwenye fremu ya dirisha la sebuleni, akaandika kwa rangi nyeupe juu ya kila mmoja: geti, stoo, mlango, gari. Tangu hapo hatujatafuta ufunguo. Kila mtu akirudi humkabidhi yeye, naye hutundika. Ni kazi yake, na hapendi mtu mwingine aiguse.

Jumapili saa tisa Fundi Mita alifika na begi lake. Gari lilikuwa chini ya paa jipya la mabati, limebanana na ukuta wa sebule. Aliunganisha mita yake, akaitoa nje ya boneti ili aione, akaomba kiti.

"Sasa naomba kitu kimoja," akatuambia. "Fanyeni kama siku zote. Msinifanye mgeni."

Lakini alikuwa mgeni. Mke wangu alimfungulia gari, akatia ufunguo mkobani jikoni, akaweka kitambaa mezani. Mimi nilifagia pale palipokwisha kufagiwa. Baba mkwe alivaa shati la mikono mirefu, akatoka akakaa na fundi uani kumwangalia, kwa adabu, mikono juu ya magoti. Dakika kumi na mbili zikapita. Namba ikashuka, ikatulia. Gari likalala.

Mke wangu akajishika kiuno. "Yaani hata hili linaogopa wageni?"

"Linaniogopa mimi," akasema Fundi Mita, akacheka kidogo. "Mama, mmejipanga. Hebu nambie, ukirudi kazini, mkono wako unafanya nini kwanza, halafu nini?"

"Naegesha. Nazima. Natoa mkoba. Nafunga mlango. Naingia ndani."

"Ufanye hivyo. Toka getini, zunguka, rudi. Mzee, na wewe ufanye yako. Mimi sipo hapa. Mimi ni ndoo."

Baba mkwe akacheka mpaka akakohoa. "Ndoo yenye mita!"

Basi fundi akatoa nyaya zake, mke wangu akazunguka mtaa mmoja, akarudi, akaegesha, akafunga, akaingia ndani. Fundi akaunganisha tena. Nilisimama nyuma yake. Dakika kumi na mbili, namba ikaanguka. Gari lilikuwa limelala kama mtoto. Moyo wangu ulishuka nayo. Nilifikiri kesho ni Jumatatu, jirani amekwenda na lori tangu Alhamisi, na huyu naye atafunga begi lake.

Ndani, nilimsikia mke wangu akisema, "Baba, ufunguo huu hapa, nilikuwa nimeusahau kwenye mkoba jikoni."

Ghafla ile namba ikaruka juu. Ikashuka. Ikaruka tena. Haikutulia.

Fundi Mita hakupiga kelele. Aliinua mkono tu, kama mtu anayezuia ndege asiruke, akauliza kwa sauti ya kawaida kupitia dirishani:

"Nani amefanya nini sasa hivi?"

Uso wa baba mkwe ukatokea dirishani, nyuma ya nondo.

"Mimi nimetundika ufunguo. Basi."

"Asante, mzee. Naomba uutoe, uende nao jikoni."

Akautoa. Tukasubiri. Gari likalala. "Naomba uurudishe." Akaurudisha. Gari likaamka. Fundi alirudia hivyo mara tatu, wala hakuonyesha furaha yoyote mpaka ile ya tatu, alipouweka mkono wake juu ya boneti akaipapasa.

"Ufunguo huu si chuma tu," akatueleza tulipokusanyika wote pale. "Una sauti. Gari nalo lina masikio kwenye milango. Mama akikaribia na ufunguo mkobani, gari linamsikia, linajiandaa kumfungulia. Sasa kutoka mlango wa dereva mpaka dirisha lile ni hatua ngapi?"

Baba mkwe alienda kupima kwa mguu. "Moja, na nusu haijafika."

"Basi usiku kucha gari linasikia mwenye gari amesimama mlangoni. Linaamka, linamsubiri aingie. Haingii. Linasinzia, linasikia tena. Siku moja linavumilia, kwa sababu kesho yake mnalitembeza, betri inajaa. Siku mbili halifiki." Akanigeukia. "Kabla ya wiki hizi sita lilikuwa linaegeshwa wapi?"

"Pale getini," nikasema. "Paa tumejenga mwezi uliopita." Na mimi, niliyeandika kila tarehe ya kugoma, sikuiandika tarehe ya paa.

Nilimwangalia baba mkwe. Alikuwa anatazama misumari yake minne kupitia dirishani, na mdomo wake ulikuwa umekaza. Mke wangu naye alimtazama. Barua ilikuwa mkobani mwake, na baba yake aliijua barua ile neno kwa neno.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema mzee. "Kwa mkono wangu mwenyewe, kila jioni."

Fundi Mita alikuwa anakunja nyaya zake. Hakuinua kichwa haraka.

"Mzee, nimefika nyumba nyingi. Katika nyingi siwezi kuujua ugonjwa wa gari kwa sababu hakuna anayefanya jambo namna moja siku mbili mfululizo. Hapa nimeuliza nani amefanya nini, nimejibiwa papo hapo. Mtu angekuwa anautupa ufunguo popote, leo hapa, kesho pale, tungetafuta mwaka mzima." Akafunga begi. "Naomba tu unipangie mahali pengine. Mbali na gari hatua kumi. Wewe ndiye unayejua nyumba."

Mzee akaingia ndani, akarudi na nyundo na kopo dogo la rangi nyeupe, akaenda nyuma ya nyumba, kwenye mlango wa jikoni. Tulimsikia akigonga. Hakuharakisha. Alipomaliza, Fundi Mita alikwenda kukagua, akausukuma msumari kwa kidole gumba kuona kama umeshika.

"Umeshika," akasema.

Kabla hajaondoka aliichaji betri kwa saa mbili kwa mashine yake, akakaa nayo, akakataa kwenda nyumbani kuirudia baadaye.

Asubuhi mke wangu alikwenda jikoni kupokea ufunguo. Baba yake alikuwa ameshaamka, amesimama pale na shati la mikono mirefu. Akamkabidhi. Tukatoka wote watatu. Mke wangu akakanyaga breki, akabonyeza. Taa zikawaka, zikazima moja moja kama inavyotakiwa, na injini ikanguruma kwa upole. Gari likaanza kulia. Mzee akashtuka.

"Ni mkanda, baba," akasema mke wangu, akaufunga, akaondoka.

Dakika tano baadaye simu yangu ikaita. Fundi Mita.

"Limewaka?"

"Limewaka. Ameondoka sasa hivi. Tunakushukuru sana, mama."

"Bado. Kuwaka ni nusu. Nipigie akishawafungulia watu mlango."

Mzee na mimi tulikaa kwenye ngazi ya jikoni. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na sita mke wangu akapiga. Nyuma yake nilisikia sauti za wanawake na kikohozi cha mtoto.

"Nimefungua," akasema. "Msimamizi alikuwa ameegesha ng'ambo ya barabara, ananivizia. Ameingia, ametia saini daftari, ameomba maji ya kunywa. Mwambie baba."

Nilimwambia baba. Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani kupasha maji ya chai. Mimi nikampigia Fundi Mita kumpa habari.

"Haya," akasema. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe. Na yeye alikuwa bado hajanywa chai.