Mgomba wa Mama Léontine

Mimi ndiye niliyewaambia watu wa Koboko kwamba nyoka wa kule Ajia aliuma gurudumu la trekta, likavimba wiki nzima. Niliyasema hayo mbele ya padri. Kwa hiyo Mama Léontine aliponiuliza kama mashine ya kuchonga milango ya Ocama, mwenye karakana, sasa inasimama kweli ikiamriwa, hakungoja jibu. Alizunguka nyuma ya karakana, akakata mgomba mnene kama mkono wa mtu, akaulaza juu ya meza ya mashine.

"Muze Aliga, mudomo yako naijua," alisema. "Tuulize huu."

Haki yake. Mwaka jana mumewe, Emile, alikuwa akichonga mlango kwenye meza hiyo hiyo. Kompyuta iliganda. Kisu hakikuganda. Kilinasa mkono wa koti lake, na Emile akakata roho njiani kwenda Arua, kichwa mapajani mwa mkewe. Sasa mtoto wao Blanchard ndiye anayesimama pale, maana tangu wavuke kutoka Kongo karakana hiyo ndiyo inayowalisha.

Baada ya msiba Ocama alinunua Arua kadi mpya, kile kibao cha umeme kinachopokea amri za kompyuta na kuzipeleka kwenye mota. Programu ya mashine ni huria: yeyote anaweza kuifungua, kuisoma na kuongeza ya kwake. Lakini haikuijua kadi ile. Ilibidi mtu aandike sehemu ya kuwasemesha hao wawili, na mtu huyo nikawa mimi, fundi wa jenereta mstaafu. Kazi hiyo nilijifundisha mwenyewe zamani, nikikaa Mvara kule Arua, kwa kuua kompyuta tatu. Watu huwa nawaambia saba.

Kadi ilikuwa askari mjinga. Ukiiambia mbele, halafu kamanda afe, yenyewe inaendelea mbele. Nikaandika kwamba kompyuta iigonge kadi kila mara, kama moyo unavyogonga. Moyo ukinyamaza, au kitufe chekundu kikibonyezwa, kadi iachie swichi yake ndogo na mota zikose umeme.

Mbele ya mgomba ule Blanchard aliwasha mashine, kisha akabonyeza kitufe chekundu. Kisu kilikwaruza ganda la mgomba, kikatulia. Mama Léontine aliupapasa mkwaruzo kwa kidole.

"Kesho tena," alisema.

Basi ikawa desturi. Kila asubuhi mgomba kwanza, mbao baadaye.

Ila umeme wetu mnaujua. Ukikonyeza tu, kompyuta inashtuka na kunyamaza, kadi inazima mota, na kisu kinaacha kovu katikati ya mlango. Ocama aliirundika milango yenye makovu ukutani, akawa hasalimii mtu.

Asubuhi moja Blanchard alibonyeza kitufe kama kawaida. Kwenye kioo cha kompyuta yakatokea maneno niliyoandika mwenyewe: MASHINE IMESIMAMA. Kisu kikapita katikati ya mgomba hadi upande wa pili. Maji yake yakamrukia Blanchard kifuani.

Nilifungua sanduku la umeme. Waya mfupi mwekundu ulikuwa umeunganisha pande mbili za swichi ya kadi. Kadi iachie, isiachie, umeme unapita kando.

"Ni mimi," Ocama alisema. "Mzee, milango inaharibika. Wateja iko na kelele."

"Mutu alikufa sababu ya hii mashine!" Mama Léontine alimshika mwanawe mkono. "Twende."

Blanchard hakusogea. "Mama, twende wapi? Tutakula nini?"

Mama aliokota vipande viwili vya mgomba, akaondoka navyo kama amebeba mtoto.

Waya niliutoa. Mchana Ocama akaurudisha. Nikautoa tena, akaurudisha tena. Jioni nikaichomoa kadi yenyewe, nikaitia mfukoni, na kesho yake nikamwambia Ocama nimeona kunguru akiipitisha juu ya Midia, pale mpakani, anaelekea Kongo, hana hata kibali.

Ocama alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akavuta droo, akatoa kadi ya zamani, ile ya Emile. Bado ilikuwa na vumbi la mbao, wala haikuwa na swichi ya kuachia kabisa.

"Hii haikuwa inasumbua," alisema.

Blanchard aliitazama kadi iliyomuua baba yake, akaenda kuchukua ubao.

Nikaingiza mkono mfukoni. "Kunguru amerudi," nikasema. "Huko wanataka ushuru."

Safari hii hakuna aliyecheka. Ocama alifunga kadi mpya, na waya wake mwekundu. Mimi nikavuta kiti mpaka chini ya swichi kubwa ya ukutani, ile inayokata umeme wa karakana nzima. Nikaweka mkono juu yake.

Mpaka leo niko hapo. Blanchard akiwa mezani sisimulii hadithi, sinywi chai, sipangusi macho, na macho yenyewe yameanza kuingia ukungu. Kila asubuhi nakuta mgomba umeegemezwa mlangoni. Aliyeuleta hangoji kuona. Nauweka mezani, Blanchard anawasha, kisu kinakuja, na sisi wawili tunapima kama mkono wangu unawahi kukata umeme.

Jana mkono ulichelewa kidogo.