Mafuta ya Ndevu za Miti

Jesca alitengeneza mafuta ya ngozi jikoni kwake Mikindani, na wanawake wa pale walimwamini. Aliyeyusha nta ya nyuki ndani ya mafuta ya nazi, kisha akadondoshea manukato aliyoagiza Dar es Salaam: mafuta mazito ya kijani yatokanayo na ndevu za miti, ule utando wa kijivu unaoota kwenye magome. Yalinukia kama msitu uliotoka kunyeshewa.

"Ni ya asili tupu," aliwaambia wateja. "Hayamdhuru mtu."

Mdogo wake Tumaini alikuja kutoka Songea kuolewa na Innocent, kijana wa bandarini Mtwara. Jesca alimtengenezea kopo lake peke yake, akazidisha manukato.

"Dada, kwenye chupa ya manukato wameandika tujaribu kwanza mkononi," Tumaini alisema.

"Hao wanaogopa kivuli chao. Mimi nimewapaka nusu ya Mikindani."

Akampaka uso, shingo na kifua. Jioni Tumaini akaanza kujikuna. Kulipokucha macho yalikuwa yamezibwa na uvimbe, na mashavu yakitoa majimaji.

"Ni mzio," daktari aliwaambia. "Ngozi yake imeyakataa. Wengine hupaka wasione kitu."

Harusi ikaahirishwa. Mama yake Innocent alikuja na shangazi wawili, akamtazama bibi harusi kitandani.

"Haya ni maradhi ya siku nyingi," alisema. "Mmetuficha."

"Ni mafuta yangu, mama," Jesca akasema. "Mimi ndiye niliyempaka."

"Mafuta hayahaya tunayopaka sote?"

Maneno ya daktari hawakutaka kuyasikia. Jesca akalichukua lile kopo, akajipaka uso mzima mbele yao. "Basi kesho njooni mnitazame."

Usiku ule hakulala. Alijigusa mashavu kila mara akiomba yawashe. Aliomba Mungu ampe hata kipele kimoja. Asubuhi uso wake ulikuwa laini, unang'aa, na wageni walipoingia hakuna aliyehitaji kuuliza.

"Umetuonyesha vizuri," alisema mama yake Innocent. "Mwanangu hataoa maradhi."

Innocent alikuja mara moja tu. Alisimama mlangoni, akalia, akasema hawezi kumvunjia mama yake heshima.

Uvimbe ulipoisha yalibaki mabaka meusi, kuanzia chini ya macho hadi kifuani. Tumaini akafungasha. Jesca akapiga magoti kando ya begi.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nimekusamehe. Ulitaka uungue kama mimi, nilikuona." Akajitanda mtandio hadi puani. "Lakini watu walikuwa wanatufananisha, dada. Nikikutazama naona nilivyokuwa. Usije Songea kwanza."

Basi lilipoondoka Jesca alirudi nyumbani akachimba shimo uani, akafukia mafuta yote pamoja na chupa.

Wateja hawakukoma. Rukia, jirani yake, alikuja kuuliza kwa nini ameacha biashara wakati uso wake mwenyewe ni tangazo tosha.

"Yalimwunguza Tumaini," Jesca akasema.

"Yule binti alikuwa mgonjwa, kila mtu anajua. Usijitese."

"Alikuwa mzima, Rukia. Alikuja hapa mzima."

Rukia akamshika bega kwa huruma, asiamini hata neno moja.