Kilima Baada ya Kilima cha Mwisho

Mimi ni mwokaji wa mikate. Kazi yangu ni kusimama mbele ya tanuri, na baridi huwa naisikia kwenye taarifa ya habari tu. Sasa niambie, mtu kama mimi alikuwa anatafuta nini barabarani asubuhi ile, manyunyu yamenilowesha hadi soksi, vidole havina habari na mimi, na mbele vilima vimejipanga kana kwamba vilijua nakuja?

Nilikuwa macho ya kaka yangu. Kaka ni fundi wa kuchomelea vyuma, au tuseme alikuwa, mpaka macho yalipomzimikia. Tunakimbia tukiwa tumefungana kamba ya kiatu, mkono wangu wa kushoto na wake wa kulia, na kazi yangu ni kusema. Shimo kulia. Kona. Ukingo. Vilima tunavipima kwa vitu anavyovikumbuka: huu ni mwinuko wa karakana yake, ule ni ngazi za kwa mama. Marathoni nzima mdomo haupumziki.

Sharti lake lilikuwa moja tu. Alipokuwa anauguza macho, kila mtu alimdanganya kwa huruma: wiki ijayo utaona, mwezi ujao utaona. Kwa hiyo siku tulipoanza aliniambia, "Mdogo wangu, nihurumie unavyotaka, ila njia usinidanganye. Siku utakaponidanganya nafungua kamba, na sitoki tena nyumbani." Nilijua hatanii. Kabla ya mbio alikuwa anashinda kwenye kiti kando ya jokofu, analisikiliza linavyonguruma, na wifi yangu anafagia kwa kumzunguka.

Sasa nitasema lililo moyoni. Nilikuwa nimemchoka. Si siku ile tu. Kila Jumapili natoka zamu ya usiku, unga mpaka kwenye nyusi, natamani kitanda, nakuta mwenzangu yuko mlangoni keshavaa viatu. Nampenda na nimemchoka, na vyote viwili vinakaa ndani yangu bila kugombana.

Kwenye kilima cha tatu alianza kuyumba.

"Bado vingapi?" akauliza.

Bado kimoja, tena kibaya kuliko vyote. Nilikiona kwenye ramani pale tulipoanzia. Lakini taya lilikuwa limeganda, na maelezo yote ya shimo na kona yalikuwa yamenikausha.

"Hiki ndicho cha mwisho," nikasema. "Malizia nguvu zako hapa."

Akazimalizia kweli. Alikipanda akihema kama ng'ombe, akafika juu anacheka peke yake, na kwenye mteremko akaniahidi kwamba tukifika atanibeba mgongoni. Kisha barabara ikaanza kupanda tena.

"Hii nini?"

"Mwinuko mdogo tu."

Alipiga hatua chache, akasimama. Akalitafuta fundo kwa vidole vilivyokufa ganzi, likamshinda, akalifungua kwa meno. Kamba ikabaki inaning'inia mkononi mwangu.

Nyuma yetu likafika basi la kuokota waliochoka. Dereva akafungua mlango, joto likatoka pamoja na muziki. "Dada, muda umeshaisha. Pandeni mpate joto, huyu kaka amekwisha."

"Nipeleke kwenye basi," kaka akasema, si kwa hasira. Angekasirika ingekuwa nafuu.

Nilichotakiwa kufanya ni kumshika kiwiko tu. Hatua mbili tatu, na Jumapili zote zingekuwa zangu. Nikakifikiria kitanda changu. Nikakifikiria na kile kiti kando ya jokofu.

"Kaka, kilima ni kirefu," nikasema. "Ni kama ngazi za kwa mama uzipande mara kumi, na juu kuna ukungu, sioni kinapoishia. Kule nyuma nilikudanganya, na wala haikuwa huruma. Nimekuchoka. Nilitaka yaishe nikalale." Nikaanza kulia, makamasi yananitiririka, sina hata leso.

Dereva akapunguza muziki. Mambo ya watu matamu.

"Mara kumi?" kaka akauliza.

"Labda zaidi."

Akanyoosha mkono. "Funga. Na ukaze, lile fundo la asubuhi lilikuwa bovu."

Hatukukimbia, nisikudanganye na wewe. Tulijikokota. Nilimwambia kila kitu mpaka sauti ikanikauka, hata ukungu ulivyokaa, hata dereva aliyetufuata taratibu anakula karanga.

Tulipofika, kaka aligeuza kichwa huku na huku. "Mbona kimya? Watu wapo?"

Ingekuwa rahisi kupiga makofi mwenyewe. "Hakuna mtu. Wanaume wawili wanakunja mabango. Saa wameizima."

"Na mstari?"

"Mstari upo. Mweupe, hatua tano mbele yako."

Sheria inataka anayemwongoza asiyeona avuke nyuma yake. Nikailegeza kamba, akaenda, akauvuka, kisha akarudisha mguu na kuupapasa ule mstari kwa soli ya kiatu.

"Jumapili ijayo," akaanza, nami nikafumba macho. "Jumapili ijayo kalale. Mimi nitakaa kibarazani. Nje, siyo kando ya jokofu."

"Na inayofuata?"

"Inayofuata nitakuuliza kama umechoka," akasema. "Utaniambia ukweli."